Ugonjwa wa Bibi Yako, kwa Kiswahili

Faila, mwanangu,

Usicheke mwandiko kwanza. Kalamu hii ni ya mama yako, ile ya kuandikia majina ya wanakwaya wanaochelewa, na imezoea kuandika mabaya ya watu tu. Mkono ni wangu, na una miaka yake. Shule yangu unaijua: niliishia mwaka wa pili wa sekondari, pale mwalimu wa hesabu na mimi tulipokubaliana kwamba hatupendani.

Ni jioni. Jua limeshapita nyuma ya vilima lakini bado naona mistari. Mama yako yuko chumbani, amekalia valizi yako ili ifunge. Mambo ya sabuni, ya chandarua, ya nani wa kumsalimia na nani wa kumkimbia huko Lubumbashi, atakuambia yeye. Ameanza tangu juma lililopita na hajafika katikati. Mimi sina mashauri ya namna hiyo. Nina jambo moja. Nimelibeba miaka kumi na sita, na treni yako, ikipenda kuondoka kesho, itasimama Kabalo.

Kabalo yuko shangazi yako Mauwa, dada yangu. Wewe unamjua jina tu. Kila ulipouliza juu ya nini hatumwoni, nilikujibu: alifuata mume. Nilikudanganya. Mauwa hajawahi kumfuata mume hata mpaka sokoni. Ni mume njo alikuwa anamfuata yeye, na kikapu mkononi. Aliondoka hapa Kalemie kwa sababu yangu.

Nikuelezee taratibu, maana nikikimbia nitaruka mahali pabaya, na mahali pabaya njo penyewe.

Kazi yangu unaijua kwa sifa nilizojipa mwenyewe. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa muntu wa matangazo pale stesheni. Kipaza sauti kilikufa kabla mimi sijaajiriwa, kwa hiyo nilikuwa napanda juu ya benchi. Tangazo lilitoka biro, ofisini kwa wakubwa, limeandikwa kwa Kifaransa, na muhuri wake, na mimi niliwageuzia abiria kwa Kiswahili. Karatasi inasema: treni itachelewa kwa sababu za kiufundi. Mimi juu ya benchi nasema: “Wazazi, mashine imegoma! Imesema haiendi Kabalo bila kuoga. Mafundi wako wanaibembeleza. Mwenye kupika, apike. Mwenye mutoto wa kunyonyesha, anyonyeshe. Mwenye mke wa pili Nyunzu, amtumie salamu, hafiki leo.” Watu walicheka, wakawasha mbabula zao, wakapika. Mkubwa wa stesheni alijua kwamba naongeza yangu, akaniacha, kwa sababu abiria anayecheka havunji madirisha. Mji mzima uliniita Papa Matangazo.

Kwa hiyo shika vizuri hapa: nililipwa kwa kuwaambia watu, kwa lugha yao, kitu kilichoandikwa kwa lugha nyingine. Hiyo tu. Sikuwa na kazi nyingine duniani.

Na lugha nilizipanga kama viti vya sherehe. Niliisikia redioni ile karatasi kubwa ya nchi, katiba, ikisomwa. Kifaransa ni lugha ya serikali. Halafu Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai, hizo nne ni lugha za taifa. Zinazobaki zote ni urithi, na serikali itazilinda. Neno hilo lilinipendeza, urithi. Ni kama zile sahani za maua ambazo mama yako amezifungia kabatini tangu harusi yetu: tunazilinda sana, na hakuna aliyewahi kulia hata kipande cha bugali. Kiholoholo cha bibi yako kimo kabatini humo. Nilikaa ndani ya tumbo la mwanamke yule miezi tisa, na lugha yake redio haikuitaja hata kwa jina.

Lakini serikali haikukifukuza Kiholoholo nyumbani kwangu. Nilikifukuza mimi.

Bibi yako alikuja kukaa kwetu alipofiwa na babu yako. Alitoka pwani, kusini ya mji, kwenye mihogo yake na ndagala zake alizokuwa anaanika juu ya mchanga. Mauwa akaja naye amtunze, na yule mume wake mpole akaja nyuma. Kaka zako walikuwa wanasoma, wewe ulikuwa bado unatambaa. Siku ya kwanza tu nikamwita dada yangu pembeni.

“Mauwa, usiwaharibie watoto ulimi. Humu ndani mezani tunasema Kifaransa, uani Kiswahili. Hicho cha kwetu muwachie samaki.”

“Ulimi wako wewe, Kaka, nani aliuharibu?”

“Wangu ulipona.”

“Aa. Pole basi.”

Wakahamia jikoni, yeye na mama. Huko walisema chao chini chini na kucheka mpaka sufuria zinalia. Sikujua wanacheka nini. Kiholoholo changu kilikuwa kimeisha, kimebaki cha salamu na cha matusi. Nadhani walikuwa wananicheka mimi. Natumaini walikuwa wananicheka mimi, kwa sababu basi kuna kitu niliwapa.

Baada ya miaka mitatu bibi yako akaugua, akafa. Alifia hospitalini. Daktari, kijana mpole mwenye haraka, alinipa karatasi yenye mistari kumi na kitu, akanishika bega, akaitwa kwenye kitanda kingine.

Kwetu, unajua, muntu hazikwi kimya kimya. Kabla sanduku halijashuka, mmoja wa familia husimama na kueleza ugonjwa. Ulianza lini. Ulianzia wapi mwilini. Nani alimpeleka hospitali, nani alimlisha, nani alikuwepo, alisema nini mwisho. Halafu anauliza: mwenye neno aseme. Watu wa mjini wanaona ni maneno marefu na jua ni kali. Lakini wewe unakwenda kusomea udaktari, na hili sidhani watakufundisha: ugonjwa ukielezwa vizuri, watu wanarudi kwao kulala. Usipoelezwa, wanarudi kwao kufikiri.

Mimi njo mutoto wa kwanza wa bibi. Kazi ilikuwa yangu, na nani angeshindana na Papa Matangazo?

Mkubwa wa stesheni alikuja mazishini. Watu wa biro walikuja, na tai zao, wakakalishwa mbele kwenye viti vya plastiki. Nyuma yao, juu ya mikeka, walikaa ndugu za bibi waliofika asubuhi ile kwa mtumbwi wa mota, nguo bado zimelowa miguuni. Nilitazama viti. Mikeka sikuitazama.

Nikatoa karatasi ya daktari, nikaisoma yote, kwa Kifaransa. Nilitumia sauti yangu ya kwenye benchi, na zile r za kooni nilizozifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Maneno yalikuwa marefu kama mabehewa, moja linavuta lingine, na sikuangusha hata moja. Nilipomaliza nikauliza, pia kwa Kifaransa, kama kuna mwenye neno. Kwenye viti walitikisa vichwa. Kwenye mikeka kimya. Sanduku likashuka.

Mkubwa wa stesheni akanishika mkono, akasema: “Felisitasiyo.”

Hongera, Faila. Nilipewa hongera juu ya kaburi la mama yangu, na nilifurahi. Nakuandikia hivyo ilivyokuwa. Nilifurahi mpaka nyumbani.

Nyumbani, watu wameketi uani kilioni, Mauwa yuko pembeni motoni anasonga bugali ya watu wote wale. Mjomba Kabwe akaja mbele yangu. Ni ndugu mdogo wa bibi, mvuvi, muntu wa maneno machache. Alinisemesha Kiholoholo kwanza. Alipoona sijaelewa, akahamia kwenye Kiswahili, kama muntu anayevua viatu ili aingie nyumbani kwa mwingine.

“Mutoto wa dada. Tulikuwa wote pale. Ulisema mingi. Alikufa na nini?”

“Nimeeleza, Mjomba.”

“Ulimweleza nani?”

“Watu wote.”

“Basi mimi si muntu.” Mikekani wakaguna. “Nilimuona dada yangu mwezi uliopita. Miguu imejaa kama mitungi. Tumbo limejaa. Analala amekaa. Ugonjwa gani unamujaza muntu maji?”

“Iko kwenye karatasi.”

“Karatasi haikumupikia. Nani alikuwa anamupikia?”

Vichwa vyote viligeuka motoni. Mauwa aliacha mwiko ndani ya sufuria. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Akasema, bila kupandisha sauti: “Kaka, waambie.”

Sasa nimefika mahali pabaya. Hata mama yako hapajui.

Sikuwaambia kwa sababu sikujua. Nilikuwa nimesoma karatasi ile nzima, na r zake, bila kuelewa mama yangu amekufa na nini. Kifaransa cha treni nilikuwa nacho: mzigo, saa, kuchelewa, kufika. Cha ndani ya mwili wa muntu sikuwa nacho hata kidogo. Pale kwa daktari, aliponishika bega, nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Kaburini nilisoma kama nimeelewa. Na pale uani nilikuwa bado na nafasi. Ningesema, kwa Kiswahili, ambacho kila muntu pale alikuwa nacho, wa kwenye viti na wa kwenye mikeka: “Mjomba, sijaelewa. Twende pamoja kwa daktari atueleze.” Ingeisha.

Lakini mkubwa wa stesheni alikuwa bado yuko pale, anakula. Papa Matangazo aseme mbele yake kwamba hajui Kifaransa? Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri. Vya kuazima.

“Mambo ya hospitali ni magumu, Mjomba,” nikasema.

“Ulisema lugha ya kuficha,” akasema Mjomba Kabwe. “Basi kuna kitu unaficha.”

Na alikuwa na haki. Alikosea tu ni kitu gani.

Hakuna aliyempiga Mauwa. Hakuna aliyemwita mulozi, mchawi, mbele ya uso wake. Sahani tu. Alizipeleka kwenye mikeka zimejaa, zikarudi zimejaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jirani wakaanza kuwaita watoto wao ndani alipopita. Wewe mwenyewe kuna mama mmoja alikutoa mgongoni kwake, akanikabidhi mimi, akasema: “Mushike mutoto wako, Papa.” Nilikupokea. Nilikupokea, Faila, mbele ya macho ya dada yangu.

Aliondoka baada ya arobaini, na mume wake, kwenda kwao mume huko Kabalo. Siku ile nilikuwa kazini. Nilipanda juu ya benchi nikatangaza treni yake: saa, mabehewa, watu wa Nyunzu wakae nyuma, watu wa Kabalo mbele. Sikuweka mzaha hata mmoja. Alikuwa amesimama chini yangu na furushi lake kichwani, anasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

“Kumbe Kiswahili unakijua.”

Akapanda.

Ngoja nikuchekeshe kidogo, wino umemwagika na mama yako atauliza kwa nini.

Huko unakokwenda watakuuliza wewe ni wa wapi. Ukisema Kalemie, watasema: aa, nusu ya Kigoma. Watasema Kiswahili chako kina marashi ya Watanzania. Nami nilifika Kigoma mara moja, na mashua ya mizigo, na mama mmoja wa sokoni alinisikiliza, akamwita mwenzake: “Njoo umsikie Mkongo, amekivunja Kiswahili mpaka mifupa.” Nilinunua dagaa zake kwa hasira. Kule Kinshasa nasikia sisi wote wa huku ni Waswahili tu, fungu moja. Na nilipokuwa kijana nilikuwa muntu wa Katanga. Siku moja wakaikata Katanga vipande vinne, tukapewa chetu na jina la ziwa, na nikaamka muntu wa Tanganyika bila kuhama kitanda. Basi kila mahali kuna kiti cha mbele na mkeka wa nyuma, na anayekaa hapa mkekani, kule anapewa kiti. Sikuambii ukae wapi wala useme lugha gani. Nimekueleza niliyoyafanya na lugha. Mimi si muntu wa kukupa shauri juu ya hilo.

Turudi.

Unakumbuka ile karatasi? Huwezi kukumbuka, kwako ilikuwa jioni kama jioni nyingine. Ulikuwa na miaka kumi na saba, unasoma kemia na bayolojia. Ulikuwa unatafuta sindano kwenye ule mkebe wangu wa biskuti, ukaikuta.

“Papa, hii ni ya nani?”

“Ya muntu mmoja wa stesheni. Hebu soma. Tuone kama minerval ninayokulipia inakwenda shuleni au inakwenda kunywa.”

Ukasoma, mikono ya kijani, ulikuwa unatwanga majani ya sombe. Ukasema: “Moyo wake ulichoka, Papa. Haukuweza tena kusukuma damu vizuri. Maji yakabaki mwilini, miguuni, tumboni, mpaka kwenye mapafu. Njo maana hakuweza kulala chali.”

“Na chakula?”

“Chakula gani?”

“Chakula alichopikiwa na muntu. Kinaweza kufanya hivyo?”

Ukanitazama kama unatazama mutoto. “Hapana, Papa. Ni moyo tu.” Ukarudi kwenye kinu.

Miaka kumi na tatu, na ilikuwa sentensi nne, na ulizisema huku unatwanga. Nilikwenda nyuma ya choo, nikalia. Wewe ukadhani nimeshikwa na tumbo, ukaniletea maji ya majani ya mpera. Niliyanywa yote. Yalinifunga siku tatu.

Utauliza: na tangu siku ile, Papa? Tangu siku ile, woga. Namba yake ya simu nimepewa. Nimepiga mara mbili. Mara ya pili alipokea, akasema: “Alo? Ni nani?” kwa sauti ya mama yangu kabisa, na mimi nikakata. Mara tatu nimevaa, nimefika stesheni, nimekaa juu ya benchi langu la zamani, nimerudi nyumbani. Mama yako anadhani nilikwenda kutazama wazee wakicheza dama.

Lakini mwezi uliopita alipita hapa yule mama anayepeleka ndagala Kabalo. Akaniambia: “Papa Matangazo, dada yako hali yake si nzuri. Miguu imevimba. Analala ameegemea ukuta. Tunamwambia aende hospitali, hataki. Anasema: ‘Ni ugonjwa wa Mama. Walisema mimi njo nilimupa, sasa umerudi kwa mwenyewe.’”

Umesikia, Faila? Miaka kumi na sita imetosha. Hata yeye ameanza kuamini.

Wewe ukiwa hujawa daktari hata siku moja, umeshajua ni nini. Nami safari hii nimejua. Ni moyo ule ule, na pengine ungetibiwa, na dada yangu amekaa ukutani anangoja afe na kosa ambalo halikuwa lake, kwa sababu nilitazama viatu.

Ningekuja nawe. Nimelifikiria juma zima. Lakini mimi nikibisha mlango atafunga, na ana haki, na siku zinapita. Wewe una uso wa bibi. Hawezi kuufungia uso ule mlango. Treni inakaa pale saa nyingi, wanabadilisha mashine, wanapakia, wanagombana. Nyumba yake ni nyuma ya soko la samaki. Uliza Mama Mauwa wa Kalemie, watakuonyesha. Ikibidi treni ikuache, ikuache. Itakuja nyingine ikijisikia, na chuo kitakungoja siku chache. Mama yako nitamweleza mwenyewe leo kabla ya kulala, na utajua kama amenielewa kwa namna atakavyofunga milango.

Yanayofuata hapa si yako, ni yake. Msomee. Usikae unaposoma, jambo hili kwetu husemwa umesimama. Waite na jirani zake kama wapo. Soma taratibu, bila zile r.

*

Mauwa, na ninyi wote mlio naye hapo. Mimi kaka yake njo ninayesema, kwa mdomo wa mutoto wangu. Maneno haya nilitakiwa kuyasema siku tulipomzika mama, na sikuyasema. Sikuwa naficha kitu chako, Mauwa. Karatasi ya daktari sikuielewa, nikaona haya, nikakuachia wewe mzigo wangu.

Mama alianza kuchoka wakati wa kupanda mihogo. Alikuwa akitoka kisimani anapumzika mara mbili njiani, yeye ambaye hakuwahi kupumzika. Halafu miguu ikawa inavimba jioni, asubuhi inapungua. Halafu haikupungua tena. Mauwa njo aliyemkanda miguu kila siku kwa maji ya moto. Mauwa njo aliyempangia mito mgongoni ili apumue. Mauwa njo aliyesema twende hospitali, na mimi njo niliyesema tungoje kwanza nipate ruhusa kazini. Tulingoja majuma mawili. Hilo pia ni langu.

Daktari alisema ni moyo. Moyo wake ulichoka, ukashindwa kusukuma damu, maji yakabaki mwilini mpaka yakafika kwenye mapafu. Hakuna muntu aliyemfanyia kitu. Chakula cha Mauwa hakikumuua. Chakula cha Mauwa njo kilichomfikisha mbali pale alipofika.

Siku ya mwisho alikunywa uji wa Mauwa, vijiko vitatu. Halafu akasema neno, kwa Kiholoholo. Mimi nilikuwepo na sikulielewa. Mauwa alilielewa. Sikuwahi kumwuliza.

Mauwa, dada yangu, na miguu yako hiyo ni moyo pia. Ugonjwa haukurudi kwa mwenyewe. Mama hakukuletea, hana kisa nawe, hajawahi kuwa nacho. Kuna dawa. Mutoto huyu atakushika mkono mpaka mlangoni kwa daktari, na daktari akisema neno lisiloeleweka, atamwomba alirudie mpaka lieleweke.

Ugonjwa wa mama nimeueleza. Mwenye neno aseme.

*

Hapo unyamaze, Faila. Mimi siku ile niliuliza kisha sikungoja. Wewe ngoja, hata kama treni inalia.

Anaweza kunitukana. Sikiliza yote; usiyapunguze, yamepoa sana tayari. Anaweza kukuuliza tu kama umekula, na ukila chakula chake, kula mpaka sahani iwe nyeupe, watu waone. Na kama atajibu kwa Kiholoholo, kama atasema lile neno la bibi, usimwombe akugeuzie. Washa simu yako, lishike kama lilivyo, nitumie.

Nitalipeleka pwani. Mjomba Kabwe yuko hai bado, macho yamekwisha lakini masikio ni mazima. Nitakaa chini mbele yake, juu ya mkeka, nitamsikilizisha sauti ya dada yangu, na nitamwambia lile nililoshindwa kumwambia uani mwangu:

Mjomba, sijaelewa. Nielezee.

Papa yako,
aliyekuwa muntu wa matangazo